Uzio wa Minyaa Nilioukata Mwenyewe

Wakubwa shikamooni, wenzangu salama. Katibu wa kikundi ameniambia nisimulie yaliyonikuta ila nisitaje jina la mtu. Mimi niliishia darasa la nne, lakini jina moja naweza kuliandika hata nimefumba macho. Elieza. Mdogo wangu wa tumbo moja. Nitalitaja.

Wengi hapa mmewahi kupanga vyumba vyetu. Babu alishuka kutoka Bombo, kule milimani, na mbegu za maharage begani, akapewa eneo na babu yake Mama Mwanaidi, huyu aliyekaa karibu na mlango. Wakati ule kando ya barabara palikuwa pori la migunga, hakuna aliyepataka. Babu akajenga vyumba viwili vya udongo, wakawa wanalala madereva. Baba akavifanya kumi vya tofali, akaanza na kununua na kuuza viwanja. Ofisi hakuwa nayo. Ofisi yake ilikuwa kamba ya katani na majirani. Kiwanja kikiuzwa, majirani wa pande zote wanaitwa, wanashika kamba, na mnunuzi anapanda mnyaa wa kwanza kwa mkono wake. Na mnyaa wa mpakani haukatwi mpaka majirani wale wale wasimame. "Atakayekata peke yake ni mwizi," Baba alikuwa anasema, "hata nikiwa mimi."

Nilipooa akagawa eneo la nyumbani. Upande wenye vyumba akampa Elieza, kwa kuwa alisoma. Upande wa pili nikapewa mimi, nikajenga nyumba yangu. Katikati tukapanda minyaa, majirani wameshika kamba. Baba akafa akijua amemaliza.

Biashara tuliiendesha wawili. Mimi natembeza wateja juani, yeye anaandika. Wateja walimwita Bosi, mimi wakaniita Kamba. Sikuona tabu, maana kamba ilikuwa ya Baba.

Jumamosi moja Elieza akaja na soda mbili, akakaa kibarazani kwangu.

"Kaka, mpima anakuja. Tunapimiwa, kila mtu apate hati yake. Ila huo uzio unamziba, chombo chake hakioni ng'ambo."

"Basi tuwaite majirani, tuukate."

"Majirani wa nini, kaka? Hapa ni mimi na wewe. Au unaniogopa?"

Ndugu zangu, nawaambia, neno hilo ndilo lililonimaliza. Niliona aibu kama nimemwita mwizi.

"Fanya kesho," akasema. "Watu watakuwa kanisani, utomvu hautamrukia mtoto wa mtu." Nikamwona ana huruma.

Kesho yake mke wangu akaenda kwaya, mimi nikashika panga. Utomvu wa mnyaa mnaujua. Uliniingia macho yote mawili, nikaanguka, nikaita. Aliyekuja ni Mama Mwanaidi, ambaye Jumapili kwake ni siku ya kazi kama nyingine. Alikuja na bakuli la maziwa ya mbuzi, akanishika kichwa akanimiminia machoni.

"Tulia, mwanamume mzima. Nani kakutuma kukata mpaka wa marehemu?"

Nikamjibu kuwa hayo ni mambo ya familia. Ndivyo nilivyomjibu, maziwa yake bado yananichuruzika masikioni.

Jioni Elieza akaja, akanifunga kitambaa machoni. Akatupeleka Bombo kwa shangazi, mimi na mke wangu, nikapone kwenye baridi. Njia nzima alinishika mkono. "Hapa kona, kaka. Jishikilie." Mkono ule naukumbuka kuliko hati yoyote.

Niliporudi naona, nilikuta mawe ya mpaka kwenye pembe nne za eneo zima, katikati pamefagiliwa. Mgeni mmoja alikuwa anampimisha fundi madirisha ya nyumba yangu. Ni mfanyabiashara wa samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu, Elieza kamuuzia eneo lote. Alinisalimia kwa adabu, akaniuliza mimi ni mpangaji wa chumba kipi.

Nikashitaki. Kwenye baraza la kata Elieza alikuja na hati moja ya eneo lote, kwa jina lake. "Kaka aliishi pale kwa hisani yangu," akasema. "Kama kuna mpaka, auonyeshe." Akanitazama. Alijua nani aliukata.

Nikaingia kwenye gongo, sifichi. Tulihamia chumba cha kupanga, mimi mjukuu wa mwenye vyumba. Kwa Mama Mwanaidi niliona haya kwenda, kwa lile jibu langu.

Alikuja mwenyewe. Kikao cha pili akasimama bila kuitwa.

"Siku ya kupanda uzio nilishika kamba. Huyu kijana anasema uzio haukuwepo. Mimi nilimwosha kaka yake nini machoni, mvua? Twendeni mkachimbe pale alipofagia."

Watu wakacheka, Elieza hakucheka. Wajumbe wakaenda, wakachimba. Visiki vya minyaa vikatoka kimoja baada ya kingine, vimenyooka kutoka barabarani hadi mtaroni.

Nyumba nikarudishiwa. Mwenye samaki, naye katapeliwa, akabaki na upande wa vyumba. Elieza kahama hapa Same bila kuaga. Vyumba vya Babu sasa vimepakwa rangi ya mtu mwingine, navipita kila siku nikienda dukani.

Asante, Mama Mwanaidi. Asanteni kikundi, mliokuja na kamba tukapanda upya, na mkanikalisha mbali na gongo. Mliobaki nawaambia hivi. Mtu akikwambia usimwite jirani, hata kama mmenyonya ziwa moja, mwite jirani kabla hajamaliza soda yake.

Mchungaji alitaka nimalize kwa kusema nimemsamehe. Siwezi kuwadanganya watu walionishikia kamba. Elieza akirudi, apitie kwanza kwa Mama Mwanaidi. Yeye akiniambia nifungue mlango, nitafungua.