Vipindi Ishirini na Tatu vya Clara Mapendo

Bwana asifiwe, mchungaji wetu, wazee wa kamati, akina mama mliolala chini pamoja nasi siku zote hizi, majirani wa ghorofa zote, wanafunzi, na ninyi walimu mliokaa mstari wa tatu, mimi ni Gilbert, mjomba wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitasoma nikisogea-sogea hivi hivi, mnivumilie, leo ni siku ya kumi na sijaweza kukaa kwenye kiti muda wa kumaliza kikombe cha chai.

Marehemu Clara Mapendo alizaliwa Uvira, kule Kongo, tarehe 14 Machi 2008, mtoto wa kwanza wa Baba Léonard, ambaye wengi mnamjua kwa kulinda magari pale South Beach, na Mama Constance, dada yangu, anayesuka nywele Isipingo karibu na stendi ya teksi, alifika Durban mgongoni na mikononi mwa mama yake Januari 2014, na kabla ya Krismasi ya mwaka ule alikuwa anagombana kwa Kizulu na watoto wa jengo zima, na kushinda.

Alianza shule ya msingi Januari 2015 hapa hapa South Beach, akamaliza mwaka 2021, na Januari 2022 akaingia sekondari kule Sydenham, ambako mpaka mauti yanamkuta alikuwa gredi ya kumi na moja, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, hakukimbia mbio, hakuimba kwaya, na kila Oktoba siku ya zawadi dada yangu alifunga saluni akavaa kitenge chake cha bluu, akakaa toka asubuhi akisubiri jina, miaka mitatu, jina halikuitwa. Naomba mkumbuke jambo moja la nyuma kidogo, nimeliruka, mwaka 2019 dada yangu alikuwa na shida yake katika ofisi moja ya mjini, akatumia mkalimani mmoja mtu mzima, na jioni ile ile shida yake ilikuwa imefika ghorofa zote, Clara akiwa na miaka kumi na moja aliona mama yake akishuka ngazi ameinamisha kichwa, tangu hapo akawa na sheria yake mwenyewe, kwamba anayefasiri hapunguzi neno, haongezi neno, na akitoka mlangoni hana neno.

Sasa nafika kwenye kazi, na hapa Mzee Zénon, mwenyekiti wa kamati, aliniambia kwa upole niruke, kwa sababu marehemu alikuwa mwanafunzi, hakuajiriwa, tuandike mstari mtupu twende kwenye ugonjwa, mzee wangu nisamehe, siruki. Jumatatu tarehe 18 Agosti mwaka huu 2025 ilikuja barua ya shule, dada yangu hasomi Kiingereza, akampa Clara aifasiri, mimi nikiwa nimekaa pale pale mezani, naye akasoma, kwamba mwanafunzi Clara Mapendo amekosa vipindi ishirini na tatu bila sababu, tarehe zikatajwa moja moja, kwamba huu ni utoro, na kwamba akiendelea hatapokelewa gredi ya kumi na mbili. Angeweza kusema barua inahusu sare, nani angejua, lakini hakupunguza hata neno, juzi nilimpa rafiki yake Sia aikague barua ile na tafsiri niliyoisikia, ilikuwa sawasawa. Mama yake alimuuliza alikuwa wapi, akajibu alikuwa shuleni, akaulizwa mara ya pili, akajibu hivyo hivyo, basi. Dada yangu alichukua simu yake na hakusema naye siku kumi, na mimi, nalisema mbele ya jeneza hili kwa sababu nililisema mbele ya wadogo zake, nilimwita mtoro, nikamwambia baba yake hasimami juani kwa ajili ya mtoro.

Siku ya pili ya matanga alikuja Mama Glody, akakaa chini, akalia kuliko sisi wenyewe, ikabidi tumuulize, akasema mwezi wa pili mwaka huu shule hiyo hiyo ilitaka kumrudisha Glody wake madarasa mawili nyuma, naye hana Kiingereza, ofisi ikatuma mwanafunzi kumwita Clara kabla mwalimu hajaingia darasani, akamsemea toka kipindi cha pili mpaka mapumziko, na Glody akabaki darasa lake. Kabla hajamaliza Baba Cédric naye akasema lake, yeye karatasi zake za ukimbizi zilikuwa zimekwisha muda, shule ikataka kumkataa mtoto wake, Clara akaitwa kumsemea, halafu mama mmoja kutoka kona, halafu mwingine aliyesema lake lilikuwa Februari 2022, Clara ana mwezi mmoja tu sekondari, mpaka nikaomba kalamu. Nilichukua barua ya shule nikaweka tarehe zao juu ya tarehe za barua, na vipindi kumi na tisa kati ya ishirini na tatu vikapata wenyewe, vinne sijui alikuwa wapi, na sitavitungia hadithi, huenda alikuwa amechoka. Ofisi ilimwita, darasa likaandika hayupo, kati ya ofisi na darasa kuna ngazi moja tu, na hakuna mtu mzima aliyepanda ile ngazi kusema mtoto yuko kwetu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini huyu alikuwepo, nina hasira, mchungaji utanisamehe, alikuwepo kuliko sisi sote, na mimi niliyekuwa natembea na simu mbovu za watu mfukoni za kutengeneza nikijiita fundi wa mawasiliano sikumsikia. Kwa hiyo kwenye mstari wa kazi nimeandika, mkalimani, Februari 2022 mpaka Agosti 2025.

Kuhusu ndoa na watoto, hakujaliwa, alikuwa na miaka kumi na saba, ameacha wadogo watatu ambao bado wanamtengea sahani.

Ijumaa tarehe 29 Agosti alirudi na kichwa kinamuuma na shingo imekakamaa, Jumamosi alfajiri tukampeleka hospitali, ikaonekana ni homa ya uti wa mgongo, na kwa kuwa mama yake haelewi daktari, mgonjwa ndiye aliyefasiri, akiwa na homa ile, maswali ya daktari kwa mama na majibu ya mama kwa daktari. Daktari akasema hali ni mbaya na familia ijiandae, hilo tumeambiwa baadaye na nesi aliyekuwepo, Clara akamgeukia mama yake akamfasiria kwamba daktari anasema atapona, mama aende nyumbani alale kidogo. Katika miaka yake yote ya kazi hapo ndipo alipopunguza neno. Jumapili hakuamka tena, na Jumatano tarehe 3 Septemba 2025, saa nne asubuhi, Mungu akamchukua.

Tunawashukuru madaktari na manesi kwa siku zile nne, majirani mliopika na kuchota maji lifti ilipoharibika, walinda magari wenzake Baba Léonard mliomshikia zamu, akina dada wa saluni za Isipingo, na kanisa hili. Tunawashukuru pia walimu kwa kuja, nawaona mnatikisa vichwa kwa heshima, na najua hamjaelewa hata neno, kamati ilipanga kila kitu, maua, viti, gari, ikasahau kuwatafutia mkalimani, tulikumbuka leo asubuhi mlipokuwa mmeshakaa, kwa maana sote tulizoea kwamba yupo. Kinyozi hajinyoi, na Clara hakuweza kujisemea. Hatuombi kombe, wala jina lake lisomwe Oktoba, tunaomba ile barua itoke kwenye faili lake, na tangu leo mtoto akiitwa ofisini, darasani iandikwe yuko wapi.

Hayo mimi siwezi kuwaambia, Kiingereza changu ni cha kuuza chaja, lakini dada yangu Constance amekaa na Sia siku nne akijifunza sentensi moja ya Kiingereza, ameirudia akisuka, ameirudia akilia, na nikishuka hapa atasimama mbele ya mstari wa tatu aiseme mwenyewe, maana yake ni hii, mtoto wangu alikuwa shuleni.

Pumzika kwa amani, Clara, mwanangu, leo hakuna anayekuita ofisini.