Vikombe vya Ploti ya Landlord

Pembeni mwa stendi ya magari ya Mutomo na Ikutha, hapa Kitui mjini, kuna benchi ambalo zamani lilikuwa la kanisa. Kanisa liliponunua viti vya plastiki, benchi likatupwa nje, na Faki akaliokota akaliweka mbele ya jiko lake la kahawa. Babu yake Faki ndiye aliyetoka Pwani. Faki mwenyewe ni wa hapa hapa, anaongea Kikamba kutushinda sisi, na kahawa yake ina tangawizi ya kumtoa mtu machozi. Mimi nashona viatu hapo kando, wananiita Gundi. Engineer ni Mwangangi, fundi wa mawe, aliyejenga nusu ya nyumba za kupanga mjini na analala katika mojawapo. Mvua ikinyesha anahamisha kitanda. Hansard ni Kyule, bawabu, mtu wa redio na methali, na methali zake hazijawahi kukutana na jambo linalozihusu. Sote ni wapangaji. Sisi ni hodari sana wa kujenga nyumba za watu wengine kwa mdomo, na siku hiyo tulikuwa tukimjengea Ndolo, ambaye kwa kweli alikuwa amekwisha kujengewa.

Ndolo ni mpishi wa shule ya bweni. Alikuja na ufunguo shingoni, umefungwa kwa kamba ya kiatu niliyompa mimi. Watu wa Shirika la Paa, wanaosaidia wasio na nyumba kujenga, walikuwa wamemkabidhi nyumba Jumanne, na sasa alikuwa akingoja gari la Ikutha, mamake ashuke, akaione na kuhamia. Tangu apate ile nyumba tukamwita Landlord. Nilimfurahia, lakini wivu nao nilikuwa nao, tena si kidogo.

Hansard: Simameni, mwenye nyumba amefika! Faki, mpatie kahawa ya mtu ako na choo ndani.

Ndolo: Haiko ndani bana. Iko nje kidogo.

Hansard: Nje ya kwako, hiyo ni ndani! Mimi choo yangu ni ya ploti mzima. Asubuhi tunasalimiana hapo kwa laini kama watu wa kupiga kura.

Faki: Kunywa, Landlord. Leo ni ya bure.

Hansard: Ya bure! Faki anapeana ya bure! Haba na haba hujaza kibaba.

Engineer: Hiyo inaingilia wapi sasa?

Hansard: Itaingia tu, ngoja.

Engineer hakungoja. Alichukua kijiti akachora mstatili mchangani mbele ya benchi. Akaniambia nimalize kahawa haraka, akaninyang'anya kikombe, akakifudikiza juu ya mchoro.

Engineer: Hii ndio nyumba. Vyumba mbili na sebule. Leta kikombe ingine, Hansard. Hii tanki ya maji. Na hii ya Landlord ndio choo.

Ndolo: Ai! Kikombe yangu ndiyo choo?

Engineer: Si ni choo yako? Sasa angalia. Huku mbele barabara. Huku ukuta ya jirani, na huku jirani mwingine. Hapa katikati kamba ya nguo. Ploti imepimwa na mtu anajua kazi. Hakuna mahali imelala bure.

Hansard: Na mbuzi atakaa wapi?

Ndolo: Mbuzi walikataa. Ni nyumba zimefuatana, mbuzi atakula maua ya mwenyewe.

Hansard: Kitui bila mbuzi. Haya basi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ndolo akatusimulia tena jinsi walivyojenga, ingawa tulikuwa tunajua. Wapishi, washonaji, walimu wa nasari, mabawabu, kila Jumamosi wanakutana kama mwethya wa zamani wa kusaidiana kazi: leo mnabana matofali ya nyumba hii, wiki ijayo ya ile, na hakuna anayejua nyumba gani itakuwa yake mpaka zote zisimame. Mashine ya kubana udongo ilikuwa na mkono mrefu wa chuma. Ndolo, kwa wembamba wake, alikuwa akiurukia na kuning'inia mpaka ushuke.

Ndolo: Kila tofali kwa ile nyumba imepita kwa mikono ya mtu namjua. Hata nikiguza ukuta usiku naweza sema, hii ni ya Mutanu, hii ni yangu, imepinda kidogo.

Mtu akisema jambo la kweli kwenye benchi letu, huwa hatujui tufanye nini nalo. Hansard ndiye aliyetuokoa.

Hansard: Lakini mjiulize. Mtu atoke kwao huko, akuje kukujengea nyumba, hajui hata jina ya mamako. Anataka nini?

Ndolo: Anataka nikae kwa nyumba.

Hansard: Ndio hiyo! Ukikaa, hutembei. Usipotembea, wanajua uko wapi.

Engineer: Wewe hujui kitu. Ni udongo. Kila tofali waliipima, walichukua kidogo kwa karatasi ya nailoni wakapeleka kwa maabara. Hapo chini kuna kitu. Kama si makaa ya mawe, ni dhahabu. Watangoja miaka, halafu waseme nyumba zimepasuka, mhame.

Ndolo: Walikuwa wanaangalia kama mchanga ni mwingi.

Engineer: Ndivyo walikuambia.

Mimi: Mimi naona ni yale mabati. Mbona zote ni buluu? Ukiwa juu kwa ndege, ile buluu inasomeka kama maandishi.

Sikuwa naamini hata neno moja la hayo, lakini mtu hawezi kukaa kwenye benchi bila kuchanga.

Faki: Inasomeka aje?

Mimi: Sijui. Mimi niko chini.

Hansard: Nyinyi nyote mko nje ya mada. Nisikizeni mimi. Kazi yao ni kutoa watu kwa mashamba. Mtu akipewa nyumba huku, kule kwao kunabaki bila mwenyewe. Halafu mtu mwingine anafunga. Umepewa kijiko, umenyang'anywa chungu.

Aliisema kwa kucheka, kama nadharia yake nyingine yoyote. Lakini Ndolo alishika ule ufunguo akaanza kuuzungusha.

Engineer: Kwani ile shamba ya babako uliandikisha nani, Landlord?

Ndolo: Munyao. Mtoto wa baba mdogo.

Engineer: Yote?

Ndolo: Ilikuwa lazima. Nyumba ni ya mtu hana shamba pengine. Na hiyo ni haki, Engineer. Ningepata nyumba nikiwa na ekari Ikutha, na wewe huna hata ya kuchimba choo, ungefurahi?

Engineer: Singefurahi.

Ndolo: Basi. Na ile ni miiba tu. Miaka mitatu ndengu imekauka ikiwa na maua. Nimepikia watoto wa watu tangu nitoke shule, bibi yangu anafua nguo za watu, kodi inapanda, wanangu wamehamishwa nyumba mara ngapi. Miiba ingenisaidia nini?

Hansard: Hata mimi nilikwambia siku hiyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ndolo: Munyao alisema mama akae tu, mpaka nyumba iishe. Tulishikana mikono.

Hapana, Ndolo hakuwa mjinga. Mtu wa kupanga akiona mlango wenye ufunguo mmoja, ulio mkononi mwake, anaweza kutia sahihi mahali popote. Hata mimi ningetia. Ninaandika haya nikiwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani. Wale wa Shirika walitaka nyumba ziende kwa wasio na pa kujenga. Wangefanyaje?

Gari la Ikutha likafika. Akashuka mama mmoja mfupi, leso mbili, kiondo mgongoni, na kuku aliyefungwa miguu kwa katani. Ndolo akaruka kumpokea.

Ndolo: Mwaitu! Umefika salama?

Mama: Nimefika. Huyu kuku ni wa nyumba. Hauwezi ingia kwa nyumba mpya mikono tupu.

Tukamwachia benchi lote. Faki akammiminia kahawa na kumwekea kashata juu ya karatasi. Mama Ndolo akatusalimia mmoja mmoja, akauliza majina yetu halisi, akayarudia. Hata mimi, nikakumbuka kwamba naitwa Mwau.

Hansard: Mama, kule Ikutha kunaendaje? Mvua imeonekana?

Mama: Mvua haijaonekana. Waya ndio imeonekana.

Ndolo: Waya gani?

Mama: Munyao amezungusha shamba yote waya ya miiba. Lango iko upande wa barabara, na ina kufuli. Huyu kuku nimempitishia chini. Mimi pia nimepitia chini, leso ikashikwa, unaona hapa imeraruka.

Ndolo: Lakini tuliongea! Alisema utakaa!

Mama: Alisema nimepata nyumba taoni, nataka nini tena. Hakunitukana. Aliongea vizuri.

Ndolo: Na baba?

Mama: Babako ako ndani ya waya.

Ndolo alikaa chini mchangani, kando ya mchoro, na Engineer, ambaye hajui kufariji mtu ila kwa vipimo, akainama akaanza kumwonyesha mama ile ploti.

Engineer: Mama, wacha hiyo ya waya, itaongewa. Angalia nyumba ya kijana yako. Hii kikombe ni nyumba. Chumba yako iko huku, dirisha inaangalia jua ya asubuhi.

Mama: Ni nzuri. Na hii?

Engineer: Tanki. Mvua ikinyesha inajaa yenyewe, hutabeba maji tena.

Mama: Mungu awabariki. Na hii?

Engineer: Choo.

Mama: Karibu hivi? Haya. Na hapa?

Engineer: Hapo ni jirani.

Mama: Na huku?

Engineer: Jirani pia.

Aliinama akauangalia mchoro kwa muda, uso wake hauna lawama yoyote. Alikuwa tu mtu mzima anayehamia mahali na anataka kujua mpango wake. Ndipo akauliza, kwa sauti ile ile aliyoulizia tanki:

Mama: Na kaburi yangu itakuwa wapi?

Nimekaa kwenye benchi hilo miaka mingi. Nimewasikia watu wale wakijibu kwa nini mwezi haudondoki na nani atashinda kura ambazo hazijapangwa. Siku hiyo walitazama vikombe.

Ndolo: Mwaitu, hiyo ni mambo ya mbali.

Mama: Si ya mbali. Nina miaka themanini na mbili.

Ndolo: Hapo kwa nyumba… hapo hawakubali. Watoto watakuwa wanacheza. Tulipiga kura kwa mkutano.

Mama: Nani walipiga?

Ndolo: Sisi wenye nyumba. Hata mimi niliinua mkono.

Mama: Wewe uliinua?

Ndolo: Sikufikiria. Ningefikiria aje? Nilijua yako iko. Hata mahali babangu alikuwekea, pale karibu na kaburi yake. Wakati nilienda na Munyao kumwandikisha shamba nilikuwa nafikiria ndengu. Nilikuwa nafikiria miiba tu, mwaitu. Niliona nyumba, sikuona kitu ingine.

Faki alifungua mdomo. Najua alichotaka kusema: kwao mtu hufa asubuhi, na kabla ya jioni amelala katika makaburi ya Waislamu pamoja na wenzake, tajiri na maskini, na hakuna anayeuliza hati ya shamba. Akaufunga mdomo. Haingemsaidia mtu.

Hansard: Kuna… kuna ile ya kaunti. Makaburi ya huko nyuma.

Ndolo: Hiyo ni ya watu hawana wenyewe!

Mama: Mimi niko na mwenyewe. Si ni wewe?

Alimwambia hivyo kwa upole, akamshika bega. Ndolo akafunika uso kwa mikono yake miwili, ile iliyobana matofali, akalia mbele ya stendi nzima. Nilimtazama Hansard, nikimwomba kwa macho atoe methali, yoyote ile, hata isiyohusika kabisa. Akazima redio yake.

Baada ya muda mama akamaliza kahawa yake, akafunga kashata iliyobaki kwenye pindo la leso, akasimama.

Mama: Inuka, baba. Tuende tuione nyumba, kuku asikae kwa jua.

Wakaenda, Ndolo na kiondo, mama na kuku. Kutoka nyuma, ule ufunguo ulionekana kila Ndolo alipogeuka kumwangalia mamake.

Faki alilitikisa birika. Kahawa ilikuwa imekwisha. Akachukua beseni aanze kukusanya vyombo, akainama afikie vile vikombe vitatu vya mchangani. Lakini Engineer alikuwa bado amepiga magoti pale. Alikuwa amesogeza choo hadi ukutani, akakirudisha. Amesogeza tanki hadi barabarani, akalirudisha. Sasa ameshika nyumba yenyewe kwa vidole viwili, ameiinua kidogo, anachungulia chini yake.

— Wacha kwanza, Faki, alisema. Bado natafuta.