Keki ya Kwanza ya Mzee Gaudiosi

Leo Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Mzee Gaudiosi Niyonkuru anastaafu baada ya miaka kumi na minne katika studio yetu ya picha hapa Riverside, Buffalo. Ninayeandika ni Dafroza wa mapokezi, na akili yangu bado haijatulia.

Sote tunamjua kwa picha za ubatizo na harusi. Maharusi wetu wengi, kuanzia hapa mpaka Kenmore, amewanyooshea tai kwa mkono wake. Kwa kuwa anaishi na Zabroni, tuliyemwita ndugu yake, na hana mke, tulijitwika kazi ya kumtafutia. Mama Kostansia, fundi wetu wa kusafisha picha, amemletea wajane mpaka akachoka. Mzee aliwapiga picha nzuri, akawasindikiza hadi mlangoni.

Wiki iliyopita tulimwomba picha zake za zamani za kupamba ukumbi wa sherehe ya kumuaga. Akaleta sanduku zima. Kumbe kule Louisville, alikoishi kabla ya kuja kwetu, mchana alikuwa akipakua maroli ghalani na jioni ni mwanamitindo, kifua wazi na kofia pana ya kahawia, kwenye kalenda za kuuzwa katika baa za mashoga. Umri ulikuwa unakaribia hamsini, na mvi zake ndizo walizozitaka! Alipohamia Columbus alishika kamera mwenyewe, akawapiga picha wanaume wanaopendana. Katika picha moja yumo yeye, ameshikana mkono na Zabroni.

Sikujua nicheke au nisali. Kanisani nimefundishwa vingine. Lakini mume wangu alipofariki, hao wawili ndio waliokuja kupika na kuosha masufuria mpaka matanga yakaisha. Nimechanganyikiwa, na sioni haya kusema hivyo.

Ombi lake lilikuwa moja. Kwetu anayeagwa humlisha mwenza wake keki kabla ya wengine, naye anataka Zabroni aitwe mbele. Asipoitwa, keki tule wenyewe, yeye haji. Kamati ya sherehe ilibishana mpaka chai ikapoa, na wajumbe wawili wakasusa. Mama Kostansia akasema Mzee amesimama nyuma ya kamera miaka yote hii akitazama watu wakilishana keki, na inatosha.

Basi ratiba imeshachapwa, jina la Zabroni limo. Mzee amesoma maandishi haya na kusahihisha rangi ya kofia tu.

Asante, Mzee, kwa kutupendezesha sote. Kamera leo nitaishika mimi, na picha zikitoka zimepinda utanisamehe. Nenda ukapumzike salama, wewe na Zabroni wako.