Unywele wa Mgeni Mbele ya Taa Nyekundu

Sogeeni. Sogeeni hapa mkekani, na usimkanyage mwenzio. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, na huyo anayecheka achekee tumboni kwanza. Kimya. Nataka kuwapa habari ya siku watu wazima watatu walipogombana na ukuta.

Palikuwa na benchi nje ya duka la kinyozi, mguu wake mmoja umekaa juu ya kipande cha tofali, na pembeni yake mimi na birika langu la kahawa. Watu wa benchi walikuwa watatu. Kinyozi mwenyewe, ambaye akisikia neno tamu hutoka na mkasi mkononi akamwacha mteja kitini. Fundi Saa, mwenye kidirisha pale jirani, mtu asiyeamini kitu mpaka akifungue mgongo. Na Breki, dereva wa lori aliyestaafu, tuliyemwita hivyo kwa sababu kila hadithi yake lazima ifike kwenye breki. Mjukuu wangu, huyu mnayemwita Shangazi, alikuwa akitoka shule anakaa mwisho wa benchi na kutusomea fizikia yake. Mambo yalikwenda vizuri tu. Aliposema kitu kikishaanza kwenda kitaendelea kwenda mpaka kizuiwe, Breki alijipiga paja:

– Si ndiyo hiyo! Unakanyaga breki, gari linasimama, viazi havina habari, vinakuja kukusalimia kisogoni!

Aliposema ukijua kitu kiko wapi na kinakwendaje, utaweza kupiga hesabu kitakuwa wapi baadaye, Fundi Saa alitabasamu kama mtu aliyesifiwa mwanawe.

Kisha huko shuleni wakafika kwenye somo la mwanga.

Siku hiyo mtoto alikuja amenuna, hata kahawa hakutaka.

– Kesho asubuhi nasimama mbele ya walimu, Bibi. Natakiwa kueleza kwa maneno yangu mwanga ni nini. Asiyeeleza anatolewa darasa la fizikia.

– Si umesoma?

– Nimekariri. Lakini siamini, na sitasimama pale kusema nisichokiamini. Nitawaambia wanitoe tu.

Mimi fizikia siijui, lakini mjukuu wangu namjua. Hakuwahi kutaka kitu kama alivyolitaka darasa lile. Nikahisi birika limekuwa zito mkononi.

– Hebu lete hicho usichokiamini, akasema Kinyozi, tayari yuko mlangoni. Tuone kama kina ndevu.

– Wanasema ukiweka kitu chembamba kama unywele mbele ya taa, hupati kivuli kimoja. Shuleni tulichora tu ubaoni, hatukuona.

– Unywele! Kinyozi akainua mikono. Binti, umekuja penyewe!

Fundi Saa alikuwa akiuza vile vitochi vya leza, vyekundu, virefu kama kidole, watu wananunua kuchezea paka. Akaleta kimoja. Tukaingia wote dukani, pazia likashushwa. Sasa, kitini alikuwa amekaa mteja mgeni, ndiyo kwanza aje mtaa ule, shuka shingoni, povu mpaka masikioni, upande mmoja umeshanyolewa. Sakafu ilikuwa imefagiwa, haina hata unywele.

– Samahani kaka, akasema Kinyozi.

– Samahani ya ni... Aah!

Udevu mmoja ukatoka. Wakaubandika kwa selotepu mbele ya tundu la kitochi, wima, katikati kabisa ya njia ya mwanga, wakakilaza juu ya kiberiti na kukielekeza ukutani.

– Kabla hujawasha, akasema Fundi Saa, mimi natangaza. Kivuli kimoja katikati. Mwanga kushoto, mwanga kulia.

– Hapo nakuunga mkono, akasema Breki. Unywele ni gogo barabarani.

Mjukuu wangu akawasha.

Wanangu, ukutani ulijitandaza mstari wa vipande vyekundu, kipande, giza, kipande, giza, kulia na kushoto, kama shanga kwenye uzi. Na pale katikati, palipotakiwa kuwa na kivuli, ndipo palipong'aa kuliko kote!

Kinyozi akanyakua kitambaa.

– Ukuta wangu nimeupaka rangi juzi tu! Nani kauchafua?

Akafuta. Giza likapanda juu ya mkono wake. Akamimina spiriti, akasugua mpaka rangi ikaanza kutoka, na giza liko palepale.

– Betri hizo, akasema Fundi Saa, akabadilisha betri. Vilevile.

– Tochi inatetemeka! Breki akakibana kiberiti kwa viganja viwili, pumzi kaishika. Vilevile.

Mtoto ndipo akacheka, mara ya kwanza siku ile. Akavuta karai la maji ya Kinyozi, akachovya vidole viwili, akavipandisha na kuvishusha pamoja.

– Tazameni duara hizi zinavyokutana. Mgongo wa wimbi hili ukikutana na bonde la lile, yanafutana. Hapa, mnaona? Maji yametulia katikati ya fujo. Mwanga umepita pande zote mbili za unywele, umekutana na wenzake ukutani. Mahali pengine umeongezeana, mahali pengine umefutana.

– Kumbe ni wimbi! akasema Breki. Kesho sema ni wimbi, tutoke hapa, kahawa inapoa.

– Babu, ngoja. Huohuo mwanga, ukiupunguza sana, hauji kama wimbi. Unaangukia ukutani chembe mojamoja, tap, tap, kila moja mahali pake, nzima. Hakuna aliyewahi kupata nusu ya chembe. Sasa upunguze mpaka ipite chembe moja peke yake, itue, ndiyo ije nyingine. Nukta zinaanza kujikusanya hovyohovyo, lakini zikishakuwa nyingi...

– Zinakuwa marundo mawili ya mwanga, kulia na kushoto, akamkatiza Fundi Saa.

– Zinachora mistari hiihii. Kwenye giza hazianguki.

Mimi nikazungusha vikombe.

– Ni matope, akasema Breki. Lori la kwanza linachimba njia, la nyuma linafuata.

– Babu, hazikai njiani. Ya kwanza imepita hewani na kwisha.

– Basi ndani ya kila chembe kuna kisaa, akasema Fundi Saa, jasho linamtoka. Kimetegwa kiwandani: wewe kushoto, wewe kulia. Wakifungue tu!

– Wamejaribu kutafuta visaa vya namna hiyo, mzee. Majaribio yanavikataa.

– Hawakuwa na bisibisi nzuri!

– Mimi nasema, Kinyozi akapunga mkasi, mwili unapita huku na roho inapita kule, zikakutane ukutani kusalimiana.

– Roho ya taa? Breki akacheka mpaka akakohoa. Mbona wembe wako hauna roho, unatuchuna tu?

– Nyamazeni, akasema Fundi Saa. Dawa ni rahisi. Weka mlinzi kila upande. Ikipita ashike.

– Wameweka, mjukuu wangu akasema taratibu. Ukiweka kitu kinachotunza habari ya upande iliopita, mistari inatoweka. Mwanga unajaa tu, hakuna shanga. Ukikiondoa, mistari inarudi.

– Ina haya! Breki akasimama. Wallahi chembe ina haya! Ni mtu wa kujisitiri!

– Siyo macho ya mtu, babu. Hata pasipokuwa na mtu chumbani. Ikiacha alama ya njia yake, basi.

– Basi si haya, akasema Kinyozi. Ni mke wa mtu hiyo. Haitaki ijulikane ilipopitia.

Tulicheka sisi, hata Fundi Saa. Ndipo sauti ikatoka kitini, tulipokuwa tumeshapasahau. Povu la mgeni lilikuwa limekauka, linadondoka kwenye shuka kama chokaa.

– Samahanini, mimi mgeni hapa. Hiyo chembe ikipita peke yake, hakuna mwenzake mbele wala nyuma. Nani anaiambia mahali pa kutoanguka?

Fundi Saa akakigeuza kitochi, akakitazama mgongo. Kinyozi akaangalia ukuta wake. Nikainamisha birika: limebaki makapi.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama, mikono kinywani.

– Hilo! akasema. Hilo hasa! Mwezi mzima niliona haya kuliuliza, nikidhani ni mimi tu nisiyeelewa.

– Na vitabu vinasemaje? nikamuuliza.

– Vinapiga hesabu, Bibi. Hesabu inakupa kila mahali uwezekano wa chembe kuangukia, mkubwa hapa, mdogo pale, na kwenye giza hakuna. Haijakosea hata mara moja. Nani anaiambia, ndipo wakubwa wenyewe bado wanabishana. Kumbe sina haja ya kuamini kitu. Nitasema nilichokiona, nitapiga hesabu, nikifika hapo nitasema hapa sijui, na nitauliza.

Kesho yake akaondoka na kitochi na kiberiti mfukoni, unywele wa mgeni ameuhamishia juu ya kiberiti kwa selotepu. Akafunga madirisha ya darasa, akawasha. Baadaye alinisimulia: mwalimu wa fizikia alitulia tu, anamsikiliza. Lakini mwalimu wa historia, aliyekaa pale kusikiliza tu, aliinuka taratibu, akatoa leso, akaenda kufuta ukuta.

Hakutolewa darasani.

Mgeni naye alirudi siku hiyohiyo kunyolewa upande wa pili, maana jana aliondoka na ndevu nusu, akakuta hakuna aliyepata jibu, akakaa kungoja. Fundi Saa alipotutoka, nafasi yake ya benchi aliirithi huyo mgeni. Vitochi na bisibisi zote Fundi alimwachia Breki, ambaye mpaka anazikwa alikuwa akitafuta tundu la kufungulia mwanga. Duka alilirithi binti wa Kinyozi. Amepaka rangi kila mahali isipokuwa lile doa jeupe baba yake alilosugua. Kiberiti na unywele wake viko kwa Shangazi yenu, mezani pake, huko anakofundisha. Mimi nilibaki na birika.

Na swali la mgeni? Wewe unayetafuna kidole huko nyuma, nimekuona tangu zamani. Lichukue, ni lako.