Mama Kabati na Mafua ya Kila Mwezi

Eti miaka mingapi? Ishirini na tisa, ndugu yangu, na miezi minne juu yake, na hiyo minne usimpunguzie maana atakusikia hata ukinong'ona. Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi na moja jioni, Mama Kabati anafunga mlango wa chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake pale bwawani kwetu, anakabidhi funguo, anastaafu. Bwawa lenyewe lina miaka thelathini na mbili. Kwa hiyo ni miaka mitatu tu bwawa hili limewahi kuishi bila kugombezwa.

Msishangae kuniona mimi ndiye mwandishi. Uongozi ulitafuta mtu wa kuandika wasifu huu na kila mwenye meza alisema amebanwa na kazi. Meneja alijitahidi akatoa mistari minne, mmoja ukiwa tarehe. Mimi hata mwajiriwa si mwajiriwa. Nauza kofia za kuogelea, miwani na ndala hapo getini, mwaka wa kumi na moja sasa, na watu wananiita Baba Kofia. Shule niliiaga darasa la tano bila kinyongo. Ukikuta kosa la kuandika, lisahihishe kimoyomoyo, usinitie aibu mbele ya wageni.

Mama Kabati aliajiriwa kwa wiki mbili. Kuna dada wa usafi aliteguka mguu, akatafutwa wa kumshikia zamu. Mguu ule naona haujapona mpaka leo. Wakati huo makabati ya wanawake yalikuwa arobaini na funguo kumi na tisa. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa amezipata funguo zote, nyingine kwenye mifuko ya waliokuwa wanadai zimeibwa, akazifunga kiunoni kwa kamba, na tangu siku hiyo tunajua yuko wapi kwa mlio, kama paka aliyefungwa kengele.

Mambo aliyoyafanya ni mengi, nitataja machache. Ameokota pete za ndoa kumi na moja, na tatu kati ya hizo wenyewe walikataa kuzipokea. Ameokota meno ya bandia, akayaosha, akayaweka dirishani kwenye glasi, na mwenyewe akawa anapita kila siku anayatazama kwa aibu mpaka akayachukua siku ya nne. Kwa sabuni ni mchoyo wa kutisha. Kipande anachokupa ukikishika vibaya kinaingia chini ya ukucha. Na kwa miaka yote ishirini na tisa kando ya maji, hajawahi kuyaingia kupita goti. Uongozi unajua. Ndiyo maana zawadi yake ya kustaafu ni kadi ya kuogelea bure maisha yake yote. Tupige makofi.

Sasa niseme lile lililonifanya niikubali kazi hii ya kuandika. Binti yangu ameniruhusu, kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na niseme wazi kwamba mjinga katika habari hii ni mimi. Nasema wazi.

Mlangoni kwetu pana bango. Linakataza kukimbia, linakataza ubani wa kutafuna, linakataza mbwa, na mwishoni kabisa linakataza "wasichana walio katika hali". Hali gani, halisemi. Aliyeliandika aliona haya, lakini haya yenyewe haikumzuia kukataza. Na kocha wetu, tunayemwita Filimbi kwa sababu hata akila haivui shingoni, alikuwa na daftari la mazoezi. Msichana asiyeingia majini aliandika sababu. Hakuna msichana wa miaka kumi na miwili atakayeandika sababu hiyo kwenye daftari linaloshikwa na mwanamume na kusomwa na wavulana. Kwa hiyo waliandika mafua. Wote. Halafu walikwenda kukaa kwenye benchi la saruji chini ya saa ya ukutani, wakitazama maji, taulo mabegani, na wavulana wakipita wanahesabu: "Leo mafua wanne! Leo mafua watano!"

Binti yangu anaogelea chali, na anapenda maji kuliko anavyonipenda mimi. Mama yake kazi yake iko mji mwingine, anarudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku za katikati mlezi ni mimi. Siku moja nachungulia daftari la Filimbi, naona: mafua. Mwezi uliofuata: mafua. Wa tatu: mafua, na yeye kule benchini kajikunyata. Nikasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikakimbilia duka la dawa. Nikamnywesha dawa ya kikohozi, nikampaka dawa ya kuchua kifuani, nikamfukiza kwa maji ya moto chini ya blanketi mpaka akatoka macho mekundu. Mtoto alivumilia yote hayo. Mama yake alikuwa ameshamweleza kila kitu kwa simu na kumwachia pedi kabatini. Nyumba nzima wasiojua lolote ni mimi na paka.

Dawa iliposhindwa nikaenda kwa meneja kupiga meza. "Maji yenu yanamtia mwanangu mafua kila mwezi, tarehe karibu zilezile! Na si wangu peke yake, fungueni daftari mwone!" Meneja akafungua, akashtuka. Akaunda kamati. Wanaume wanne walikaa siku mbili, wakanywa chai, wakachunguza, wakagundua kwamba mafua ya wasichana yanaletwa na upepo. Fundi akaitwa, dirisha la chumba cha wasichana likapigiliwa misumari.

Mama Kabati alikuwa amesimama hapo na fagio lake. Misumari ilipoanza kuingia, alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo, na ndoo ilikuwa na maji. Akainuka vilevile amelowa, akanishika shati, akanivuta mpaka nyuma ya chumba cha pampu.

"Baba Kofia, una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Na mke?"

"Mmoja."

"Na miaka yote hiyo hujajifunza kuhesabu siku ishirini na nane? Mwanao hana mafua. Mwanao amekua."

Ndugu zangu, niliona aibu ya mtu aliyemfukiza mtoto mzima kwa maradhi ya kuzaliwa mwanamke. Lakini Mama Kabati hakunipa muda wa kuona aibu. Alinikumbusha kwamba Jumamosi ndiyo siku ya kuchagua timu ya shule za mji. Waogeleaji sita, nafasi nne. Na sheria ya Filimbi ni kwamba asiyeingia majini siku ile hana nafasi mwaka mzima, hata awe na mapezi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na mwanangu alikuwa ameanza siku zake asubuhi ile.

Nikakimbia dukani. Nilinong'ona kiasi kwamba muuzaji alidhani naomba mkopo. Nikanunua pakiti kubwa kuliko zote, nikiamini kubwa ndiyo bora, nikaificha chini ya kofia, nikaileta kwa Mama Kabati kama mtu aliyeleta bangi. Aliigeuza, akaisoma, akanitazama. "Hizi ni za mama aliyetoka kujifungua, Baba Kofia. Unamwandaa kwa mashindano au kwa leba?" Kisha akatoa moja, akaitumbukiza kwenye ndoo. Ilikunywa maji ikavimba, ikavimba, ikawa kama godoro lililosahauliwa mvuani. "Hivi ndivyo ungemtosa nayo mwanao mbele ya wavulana wale."

Halafu akanifundisha, amesimama hapo na fagio, mambo ambayo kamati ya wanne isingeyajua hata ingepewa mwaka na chai juu. Kwenye mbio na mpira, pedi ya kawaida inatosha, yenye mbawa, chupi inayobana, kaptula nyeusi juu, ibadilishwe kabla ya mechi na mara baada yake, na nyingine ikae kwenye begi pamoja na mfuko wa kutupia. Kwenye maji pedi haifai kabisa. Wako wanaotumia tamponi, ile pamba ya kuweka ndani, wako wanaotumia kikombe cha hedhi, lakini hayo msichana ajifunze taratibu kwa mtu mzima anayejua, akitaka mwenyewe, na asipotaka asisukumwe. Ipo na chupi ya hedhi ya kuogelea, nyeusi, ina tabaka ndani la kushika, inafaa siku zisizo nzito sana. "Na tumbo likimuuma, usimwambie ajikaze. Mpe chupa ya maji ya moto, mwache alale kidogo, halafu nyamaza."

Binti alipoulizwa alisema tamponi hataki. Mama Kabati akasema basi, hataki ni hataki. Akatuelekeza kwa muuguzi mmoja anayeuza zile chupi, nikaenda mwenyewe, safari hii nikasema kwa sauti mpaka watu wa foleni wakageuka. Ijumaa mchana, bwawa likiwa tupu, mwanangu alijaribu. Alizunguka mara nne, akatoka, akakagua, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Siku ya tatu hiyo, mambo yalikuwa yameanza kupungua. Mimi nilikuwa nje ya ukuta, nimeambiwa nisichungulie, nasikia tu miguu ikipiga maji.

Jumamosi Filimbi kasimama na daftari. Anamwona binti yangu amepanga mstari na wenzake, kaptula nyeusi. Sijui nani alimnong'oneza.

"Wewe si una mafua?"

Mtoto akainama. Wavulana wakaanza kukohoa kwa makusudi. Kwa kweli nilianza kuvua ndala nimfuate, lakini nilisikia funguo.

"Hana mafua," Mama Kabati akasema. "Yuko kwenye siku zake, amejiandaa, na anaogelea."

Kukohoa kukakatika. Filimbi akanyoosha kidole mlangoni. "Mama, mimi sina shida. Lakini bango linasema—"

"Bango linasema na mbwa hawaruhusiwi, kocha. Mbwa wako anaoga humu kila Jumatatu, mimi ndiye ninayetoa manyoya kwenye chujio. Tulisome lote au tuliache lote?"

Filimbi akapuliza filimbi. Hakuna kitu kingine alichokuwa nacho.

Mwanangu alishika nafasi ya tatu. Sikudanganyi kwamba alikuwa wa kwanza, wa kwanza alikuwa binti wa mwalimu wa hesabu, ana mikono mirefu kama makasia. Lakini wa tatu yuko timuni. Alipofika ngazini Mama Kabati alikuwa amesimama hapo, majini mpaka kwenye vifundo, amekunjua taulo nyeusi, akamfunika, wakaenda zao kubadilisha. Maji yalibaki bluu. Najua kwa sababu Filimbi aliyachungulia muda mrefu, kama mtu aliyeangusha shilingi.

Tangu hapo kabati namba kumi na nne halikufungwa tena kwa mteja. Mama Kabati alilijaza pedi, kaptula nyeusi za saizi zote, chupa ya maji ya moto na taulo mbili za rangi ya giza. Mwenye shida anafungua, anachukua, hahojiwi. Mimi nikaanza kuuza zile chupi za kuogelea getini, kwanza chini ya meza, sasa zinaning'inia mbele ya kofia. Meneja aliniambia nizishushe, zinaleta picha mbaya. Nikamwambia kofia za kuogelea kichwani mwa watu wazima zinaleta picha mbaya zaidi na hajawahi kulalamika.

Kwenye daftari, mafua yameisha. Miaka mitatu hakuna hata moja. Meneja ameyaandika kwenye ripoti yake kama mafanikio, matunda ya dirisha lililopigiliwa misumari. Nasikia amepewa cheti.

Mama Kabati, asante. Asante kwa taulo uliyoikunjua, kwa makelele, kwa kunivuta shati mbele za watu na kunifundisha kazi ya ubaba niliyokuwa nadhani naijua. Nenda kapumzike na wajukuu, ulale mpaka jua likuchoke, miguu isiwe na unyevu tena, na sabuni uitumie nzima nzima. Tunakuombea heri na miaka mingi ya kumgombeza mtu mwingine.

Sasa ninyi wengine, msikimbilie soda. Uongozi umesema mahali pa Mama Kabati hapatawekwa mtu. Mlango utawekewa kufuli la namba. Na jana nimemkuta Filimbi analipaka lile benchi la mafua rangi mpya. Wiki ijayo Jumamosi watoto wenu wanakuja mazoezini, wengine watakuwa siku ya kwanza, na kufuli halijawahi kumkunjulia mtoto taulo.

Kwa hiyo tufanye biashara. Mwezi una Jumamosi nne. Nataka wanawake wanne, mama, shangazi, dada mkubwa, yeyote mwenye mdomo, kila mmoja akae mlangoni pale Jumamosi moja, saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Wanaume, yenu ni kulijaza kabati: pakiti moja kila mmoja kwa mwezi, mnunue wenyewe, kwa sauti. Mimi nitatoa kofia na miwani bure kwa watoto wa hao wanne mwaka mzima, na chupi za kuogelea nitaziuza kwa bei niliyonunulia, kitu ambacho sijawahi kumfanyia hata mama mkwe. Mezani karibu na keki kuna karatasi ina mistari minne mitupu. Nipeni majina kabla hotuba ya meneja haijaisha. Hotuba zake mnazijua. Muda mnao.