Kitambaa cha Wamboi

Basi la Bungoma lilipotoka Kitale, Wamboi alifuma kitambaa chake cha kroshia huku vijana wawili mbele yake wakilinganisha kadi za grafiksi za kompyuta zao.

"Yangu nimeiongeza spidi," mmoja akasema. "Feni inalia kama posho mill ikisaga mahindi, lakini haishiki moto."

"Yangu iliungua," mwenzake akajibu. "Si mathe aliifunika na kitambaa ikiwaka, ati kelele inasumbua maombi. Ikakosa hewa."

Sindano ya Wamboi ikasimama. Yeye pia, kama mama huyo, aliifunika kompyuta ya nyumbani kwa kitambaa cha kroshia. Kisha akamlazimisha mwanawe Kim aungame mbele ya akina mama wa kanisa kwamba michezo yake ndiyo iliyochoma kompyuta.

Katika stendi ya Bungoma, Kim akampokea mkoba. "Mum, pole tena kwa ile kompyuta."

Wamboi akakificha kitambaa. "Nilishakusamehe," akasema.