Fomu Isiyo na Daftari

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na kila asubuhi linabeba watu walewale na maneno yao. Leo kijana Tovuti amekaa ukingoni, kompyuta mapajani, roho juu juu. Saa nne shangazi yake, fundi mapazia, atapita kuikagua fomu aliyomtengenezea. Ikimpendeza, atamtangaza kwa mafundi wenzake. Isipompendeza, kijana atarudi kwenye ngazi ya shangazi, kupima madirisha ya watu kwa futi kamba, kazi aliyoifanya miaka miwili na ambayo ameichoka hadi kwenye visigino.

— Hebu rudia, alisema Faili, karani mstaafu aliyetunza majalada miaka thelathini. Mtu anajaza upana na urefu wa dirisha lake. Hayo yote yanahifadhiwa wapi?

— Hayahifadhiwi popote, mzee wangu. Fomu nyingi zina daftari nyuma yake, kila kisanduku na mstari wake. Hii haina. Inapokea vipimo, inavikagua, inapiga hesabu ya kitambaa, inajibu, inasahau.

— Inasahau! Faili akaweka kikombe chini. Fomu isiyo na jalada ni sawa na mtoto asiye na kwao.

— Mtu anataka kujua mita za pazia tu, mzee. Tumtunze wa nini?

Wembe, kinyozi mwenyewe, akatoka na kitana mkononi. Akaivuta kompyuta, akaandika kwenye upana: la jikoni. Fomu ikamjibu kwa maandishi mekundu: andika namba.

— Ala! Inanikaripia mlangoni kwangu! Basi ina akili, na mwenye akili hasahau, anajisahaulisha tu. Haba na haba hujaza kibaba. Iko siku madirisha yote haya yatafurika kwenye simu ya mtu.

— Ya nani?

— Ya shemeji yangu. Kila nikimpigia anasema imejaa.

— Nyie hamjui, akadakia muuza kahawa, birika mkononi. Huko hewani kuna ghala. Mnadhani kwa nini mawingu yakitanda mtandao unasuasua? Wanapanga mizigo!

Faili akainama, akachungulia chini ya benchi.

— Unatafuta nini tena? akauliza Wembe.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hapo ipo kofia yako tu, mzee.

Tovuti alicheka mpaka hofu ikamtoka. Akampa Faili kompyuta ajaribu mwenyewe. Mzee akaandika vipimo vya dirisha la sebuleni kwake, kidole kimoja kimoja, fomu ikamwambia: mita nne na nusu.

— Kweli kabisa! Ndizo alizonunua mke wangu!

Tovuti akafungua ukurasa upya. Visanduku vikawa vitupu. Faili akavitazama kwa uchungu wa kweli.

— Na dirisha langu limekwenda wapi?

— Lipo nyumbani, mzee. Ukutani.

Benchi zima likaangua kicheko, na Faili, taratibu, akacheka naye. Hapo ndipo shangazi alipotokea, pini zimejipanga kolani.

— Shikamoo shangazi.

— Marahaba, baba. Nionyeshe.

Akajaza dirisha la kwanza, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. La pili akaliandikia upana sifuri. Fomu ikamwuliza: dirisha gani hilo? Akacheka kwa sauti.

— Na haitunzi kitu?

— Haitunzi, shangazi.

— Afadhali. Madirisha ya watu ya nini kwangu?

Wembe akamtazama Faili, Faili akatazama kahawa yake. Ubishi wa asubuhi nzima ukafa hapo hapo. Tovuti alijiona keshashuka ngazini.

— Ila, baba, mteja akishazijua mita zake, atajuaje kwamba fundi ni mimi?

Tovuti akatazama ukurasa, juu hadi chini. Hakukuwa na jina. Hakukuwa na namba ya simu. Wembe akakuna kichwa kwa kitana. Muuza kahawa akainamisha birika lake, halikutoka tone.

Tovuti akaanza kufunga kompyuta.

— Shangazi, kesho nitakuja mapema. Niichukue ngazi.

— Ngazi ipi? Niliigawa kwa fundi wa rangi tangu jana. Shangazi akamsukuma kwa nyonga, akaketi karibu yake. Sogea, uandike jina langu. Na liwe kubwa.